Siku Niliyompa Baba Mkwe Kazi ya Kuni

Niliapa kwamba hii hadithi sitaisimulia mpaka nizeeke, lakini binamu yangu Ombati keshaizungusha kwetu Mosocho nzima, tena ametia chumvi mpaka eti baba mkwe alifika kwetu na shoka begani (hakufika na shoka, alifika na mwavuli), kwa hivyo afadhali muisikie kutoka kwangu mwenyewe mwenye aibu yangu, mcheke, halafu tuendelee na maisha.

Mnajua kazi yangu. Ninaandika programu za kompyuta katika ofisi moja ndogo pale Kisii mjini, na lugha yangu ya kwanza, ile niliyoanza nayo chuoni, ni Python. Mtu asiwadanganye, ile ya kwanza ni ngumu. Ilinitoa jasho, kuna wiki nilikuwa naiota, na kuna siku niliifunga kompyuta nikasema narudi nyumbani kuchuma majani chai. Lakini ilipoingia kichwani iliingia, na kutoka siku hiyo nikawa na mdomo. Kila aliyeniuliza kama lugha ya pili ni ngumu nilimjibu kwamba ukishajua moja umezijua zote, ni kubadilisha viatu tu, miguu ni ile ile.

Basi ofisini tukaletewa kiboksi fulani cha kutuma ujumbe wa simu kwa watu wengi kwa mpigo. Unakiwekea laini, unakiunganisha na kompyuta, na chenyewe kinaelewa lugha moja tu, inaitwa Lua. Nikaisoma Lua, na kusema kweli ilikuwa rahisi mpaka nikacheka peke yangu. Kila nilichokiona nilimwona ndugu yake wa Python, hiki ni kile, hiki kinafanana na kile, na mambo yaliyonitesa chuoni kwa miezi niliyamaliza jioni moja nikinywa chai. Kichwa kikavimba.

Sasa hapo ndipo anapoingia Kemunto. Kemunto ndiye niliyetaka kumwoa (na nataka mjue mapema kwamba nimemwoa, msije mkaanza kunihurumia), anafundisha kompyuta katika shule moja ya wasichana kule Nyamira, na kwao ni Itumbe, baba yake ana shamba la majani chai. Baba yake, Mzee Nyakundi, hakuwa amenikataa, lakini hakuwa amenikubali pia. Siku ya kuja kuona boma letu aliiahirisha na kuiahirisha mpaka mama yangu akaanza kuona haya kanisani. Mwishowe akamwambia binti yake, "Nitaenda mara moja. Mwanaume wa kushinda akibonyeza-bonyeza simjui. Nikiona ni watu wa mchezo, nitakunywa chai nirudi, na hayo maneno yaishe hapo hapo." Kwa hivyo ilikuwa siku moja tu, na ikiharibika, nimemkosa Kemunto.

Mtu wa kawaida angechukua simu akapigia watu wake mmoja mmoja, shangazi wewe utafanya hivi, mjomba wewe utafanya vile. Mimi nikasema hapana, nina kiboksi. Nitamwandikia kila mtu ujumbe wake, wageni niwaandikie maneno ya kuwakaribisha, watu wetu niwaandikie kazi zao, halafu nibonyeze mara moja ziende zote. Mzee si alitaka kujua kubonyeza kunasaidia nini? Basi ataona.

Nilipomwambia Kemunto aliniuliza, "Hiyo Lua umeijua, ama umeizoea sura tu?"

"Kemu, ni Python imevaa koti."

"Jaribu kwanza na watu wenu."

Sikujaribu na watu wetu. Nilijitumia mimi mwenyewe neno moja, Habari, bila orodha yoyote, likaingia kwenye simu yangu, nikaridhika.

Kuna jambo lingine lililonikimbiza. Sisi ni Wasabato, na kina Kemunto pia ni Wasabato. Wageni walikuwa waje Jumapili, lakini Ijumaa jua likizama kazi zinasimama, na kwa mama yangu hata simu inazimwa na kuwekwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Kwa hivyo ilikuwa nitume Ijumaa kabla ya jua kuzama ama nisitume kabisa. Mimi niko mezani naandika na mama yuko mlangoni anaangalia mlima, anaangalia jua, ananiangalia mimi.

"Makori! Sabato inaingia na wewe bado uko kwa hiyo kitu?"

"Namaliza, mama."

"Ikikukuta hapo, usiambie watu kwamba ni mimi nilikulea."

Nikapanga majina kwa alfabeti, kama yalivyo kwenye simu yangu, wageni na wenyeji wakachanganyika humo humo. Nikabonyeza. Kiboksi kikawasha taa yake ya kijani, mara kimya. Nikafunga kila kitu, jua likazama, tukaimba wimbo wa kufungua Sabato, na mimi nikaimba kwa sauti kuliko siku zote.

Jumamosi tulishinda kanisani. Jioni watu wakawasha simu zao, nikangoja nione kama kuna mwenye swali. Hakuna aliyepiga. Nikamwambia mama, "Unaona? Watu wameelewa kazi zao, hakuna kelele." Akasema Bwana asifiwe.

Jumapili asubuhi nikamwona Ombati anaingia. Ombati ndiye niliyempa kazi ya kupasua kuni na kuteka maji, na kwa kuwa tumekua pamoja nilimwandikia kama ndugu, maneno yenyewe ni haya: "Wewe ni kuni na maji, fika mapema. Na safari hii usionje nyama kabla ya wageni, sisi tunakujua." Sasa huyo Ombati ameingia na suti. Suti nyeusi, tai nyekundu, viatu vinang'aa mpaka kuku wanavikwepa. Akanipita bila salamu, akaenda moja kwa moja kwenye viti vya mbele chini ya hema, akakaa, akakunja nne.

"Ombati, kuni?"

"Kuni gani, bro? Si umesema nisiguse kazi yoyote? Mi niko hapa tu, letea mheshimiwa soda."

Akanionyesha simu. Mheshimiwa, ni heshima kubwa kukupokea, kiti chako kiko mbele, tafadhali usiguse kazi yoyote. Huo ulikuwa ujumbe wa chifu mstaafu, mgeni, rafiki ya Mzee Nyakundi. Kabla sijafunga mdomo akaingia mama mdogo, yule niliyempa kazi ya kuosha matumbo, amevaa nguo yake ya pasaka na Biblia imejaa vikaratasi. "Mwanangu," akaniambia, machozi yanamlengalenga, "miaka yote nimekaa jikoni, leo mmekumbuka kunipa neno. Nimefunga na kuomba." Alikuwa amepata ujumbe wa mchungaji. Na mchungaji mwenyewe, mtu mpole asiyeuliza maswali, huyo hapo langoni na kamba mkononi, anauliza mbuzi yuko upande gani. Kukamata mbuzi ilikuwa kazi ya mjomba.

Nikaanza kuelewa kwamba kila mtu amepata ujumbe wa anayemfuata kwenye orodha. Wa chifu kwa Ombati, wa mchungaji kwa mama mdogo, wa mjomba kwa mchungaji. Halafu nikajiuliza: wa Ombati ulienda kwa nani? Nikafungua simu yangu nikaangalia majina. Anayeandikwa Binamu Ombati, aliye juu yake ni Baba Kemunto. Nikaangalia na ule wa mama mdogo. Aliye juu ya Mama Mdogo ni Mama Kemunto.

Yaani baba mkwe nimemwambia yeye ni kuni na maji, na asionje nyama kabla ya wageni, sisi tunamjua. Na mama mkwe, mtu ambaye kwetu Abagusii hata mkono sitakiwi kumpa ovyo, ambaye nikikutana naye njiani ninapisha, nimemwambia aje na aproni kwa sababu matumbo ni mengi na safari iliyopita yalibaki na mchanga.

Na ndiyo maana hakuna aliyepiga simu Jumamosi. Waliopewa heshima wasingeuliza, nani anauliza heshima? Na waliotukanwa wasingeweza, kwa sababu ya chinsoni, ile heshima ya wakwe inayofunga midomo. Mama mkwe atanipigia simu aniulize habari za matumbo? Haiwezekani. Wangekaa kimya, waje, wanywe chai, warudi.

Mtu mwenye akili hapo angempigia Kemunto. Mimi nikakimbilia kiboksi. Nilijiambia kosa ni la faili, eti majina yaliruka mstari kwa sababu ya haraka ya Ijumaa, wala sikuangalia programu yenyewe, kwa sababu programu niliiandika mimi na mimi najua lugha. Nikaandika radhi tatu, ya Mzee, ya mama mkwe, na ya mchungaji (ambaye alikuwa hapo hapo anamkimbiza mbuzi, ningemwita tu, lakini nilikuwa nimeshachanganyikiwa), nikabonyeza kwa programu ile ile.

Kemunto akanipigia baadaye kidogo, wako njiani, ananong'ona.

"Makori, umemwandikia baba nini?"

"Nimemwomba msamaha."

"Mbona ameniuliza kama wewe ni mzima? Anasema unamwita mama, na unamwambia asiguse matumbo."

"Na mama yako?"

"Mama amefunika uso na leso. Sijui kama analia. Amenionyesha simu, imeandikwa 'Mchungaji, achana na mbuzi.'"

Nikachukua kompyuta nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikaketi chini na suruali yangu ya sherehe, nikaisoma ile programu pole pole kama mtoto anayesoma kwa kidole. Nikaiona. Katika Python, mtu wa kwanza kwenye foleni anaitwa sifuri. Wa pili ndiye moja, wa tatu ndiye mbili, hivyo hivyo. Nilijifunza hivyo kwa jasho, ikaingia kwenye damu, sikumbuki hata kwamba niliwahi kujifunza. Lua inaanza na moja kama watu wote duniani. Majina iliyapanga Lua yenyewe, ikaanza na moja. Ujumbe niliupanga mimi kwa mkono wangu wa Python, nikaanza na sifuri. Wakati wa kutuma, aliye wa kwanza akapewa kilicho kwenye moja, ambacho ni cha mwenzake, na ule uliokuwa kwenye sifuri ukabaki pale, haukutumwa kwa mtu. Python nikiikosea hunipigia kelele mara nyingi. Lua ilikaa kimya kama mama mkwe.

Nikacheka kidogo, kicheko kibaya, halafu nikakumbuka kwamba kuni hazijapasuliwa.

Kwa hivyo wageni walipofika, mtu wa kwanza waliyemwona ni mimi, bwana harusi mtarajiwa, na shoka mkononi, shati limelowa maji ya mtungi. Ombati alikuwa amekataa kuvua koti. Mama mdogo alikuwa amekwisha kuanza mahubiri, na alikuwa anahubiri vizuri, hakuna aliyethubutu kumkatiza. Mama yangu alikuwa peke yake jikoni, ananiangalia kupitia dirishani kwa macho ya Ijumaa. Wageni wakasimama. Mzee Nyakundi alitazama shoka, akatazama kuni, akatazama chini. Hakuniangalia usoni hata mara moja, akapita akaenda kukaa karibu na chifu wake. Nikasema moyoni, basi, imeisha.

Kemunto akanisogelea. "Mama anauliza," akasema, na midomo yake inatetemeka sikujua ni kwa nini, "matumbo ni ya ng'ombe au ya mbuzi? Maana amebeba aproni moja tu."

Nilitamani ardhi inimeze mimi na shoka langu.

Tukala. Nani anakumbuka alichokula? Mimi nilikuwa namwangalia Mzee. Aligusa chakula kidogo sana, kama mgonjwa, na kila sahani ya nyama ilipopita aliiangalia ikienda kwa watu wengine kwanza. Nikajua amekasirika kupita kiasi. Kisha akasimama. Hata Ombati akakunjua mguu.

"Mimi si mtu wa maneno mengi," alisema. "Nina swali moja kwa huyu kijana, na nataka anijibu mbele ya watu. Yale uliyoniandikia, habari ya kuonja nyama. Nani alikuambia?"

Nikasimama. Nikamwambia baba, hakuna aliyeniambia, ujumbe ule haukuwa wako. Nikajaribu kueleza. Jaribuni nyinyi siku moja kuwaeleza wazee wa Itumbe na wa Mosocho kwa pamoja habari ya sifuri.

"Kuna kompyuta," nikasema, "inayoanza kuhesabu kwa sifuri."

"Sifuri ni mtu?" chifu akauliza.

"Ni wa kwanza."

"Kifungua mimba wangu ni Kemunto," Mzee akasema. "Kwako wewe nina mtoto wa sifuri?"

"Hapana, tata," nikamwita baba kwa Ekegusii, "kwa ile kompyuta nyingine yeye ni wa moja. Mimi niliwapanga watu kwa moja, maneno nikayapanga kwa sifuri. Kwa hivyo kila mtu amesoma maneno ya jirani yake. Yako yalikuwa ya Ombati. Yule pale wa tai nyekundu. Ndiye huonja nyama kabla ya wageni."

"Aii, Makori," Ombati akalalamika, na watu wetu wote wakaitikia kwamba ni kweli.

Mzee akamtazama Ombati, kisha akanigeukia mimi. "Kwa hivyo," akasema pole pole, "hakuna mtu wa kwangu aliyekuja hapa akakuambia habari zangu?"

"Hakuna, baba. Habari gani?"

Hapo ndipo mama mkwe alipopasuka. Leso haikuweza tena kuzuia. Alicheka mpaka akamshika mama yangu bega, alicheka mpaka mama mdogo akafunga Biblia, na nikaelewa kwamba toka Jumamosi jioni, na njia nzima kutoka Itumbe, hakuwa analia. "Jamani," alisema akipangusa macho, akiongea na mama yangu kwa sababu mimi hawezi kuniambia, "tangu nimeolewa huyu mzee haachi chungu. Mgeni hajafika, kifuniko kimeshafunguliwa! Nikasema huyo mungu wa kompyuta amemwona!"

Na Mzee Nyakundi, yule mzee niliyemwogopa mwaka mzima, alikuwa ameketi tena, mabega yamemshuka, anapumua kama mtu aliyetua gunia. Hakuwa na hasira. Alikuwa na aibu! Alikuja Mosocho akidhani binti yake ameanika siri za chungu chake kwa wakwe, na ndiyo maana hakunitazama, na ndiyo maana hakugusa nyama, maskini, alikuwa anaonyesha adabu. Sijui nani alipata nafuu zaidi siku ile, yeye au mimi.

"Na wangu mimi uko wapi?" akauliza baadaye, kicheko kilipotulia. "Si uliniandikia?"

"Uko kwenye sifuri, baba. Haukutumwa."

"Usome."

Nikaenda kuchukua kompyuta, nikausoma mbele ya wote, ule ujumbe niliouhangaikia kuliko yote, nikamwita mzazi na nguzo na mwenye busara, nikamkaribisha kwa unyenyekevu katika boma letu dogo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa.

"Huo ni mzuri," alisema. "Mbuya mono. Lakini ule mwingine ndio ulinijua."

Akaagiza nyama iletwe upya, na Ombati akae karibu naye.

Sasa vijana wa ofisini bado huniuliza kama lugha ya kwanza inarahisisha zile zinazofuata. Nawajibu ndiyo, inarahisisha sana, na hapo ndipo wewe uwe na woga, kwa sababu mkono unatangulia na kichwa kinabaki nyuma kinajisifu. Mnisikilize mimi ninayeongea Kiswahili hiki changu: nilijifunza Ekegusii kwanza, na mtu wa Pwani akinisikia tu anajua nimetoka wapi. Siku hizi nasoma lugha ya tatu ya kompyuta. Nilipoifungua, kitu cha kwanza nilichotafuta, kabla ya chochote, ni kama inaanza na sifuri au na moja, na niliandika kwa kidole juu ya meza nikasoma kwa sauti, watu wa ofisi wakidhani nimerukwa na akili. Na watu wangu sasa nawapigia simu, mmoja mmoja. Baba mkwe ndiye huwa nampigia kwanza, namwuliza ameamkaje, nangoja ajibu yeye mwenyewe.